Mguu Unaouma na Mguu Usiouma

Kila Jumatatu nyumba ya Domitila Azabache inanukia shambar. Ni supu ya ngano, maharage na nyama ya nguruwe, na hapa mjini kwetu Moche Jumatatu bila shambar haijafika. Domitila huipika kwenye sufuria kubwa na kuiuza mlangoni kwake. Husimama kwenye sakafu ya saruji tangu alfajiri mpaka sufuria ibaki tupu. Siku zile alisimama peku.

Upeku wake ulikuwa na sababu. Domitila anacheza marinera, ngoma ya mume na mke wenye leso mikononi, na katika marinera ya kwetu mwanamume huvaa viatu, mwanamke hachezi na viatu kamwe. Kwa hiyo wanawake wa Moche huzikomaza nyayo zao. Hutembea juu ya kokoto. Husimama kwenye lami jua likiwa kichwani. Mwanamke mwenye unyayo laini hapa husemwa kama mwanamke asiyejua kupika.

Mwalimu wa mambo hayo ni mama mkwe wake, Bibi Ubaldina. Ujanani alikuwa bingwa, na picha yake akiwa na leso mkononi bado imetundikwa sebuleni. Wasichana waliojifunza ngoma walikuja uani kwake, naye aliwapitisha juu ya kokoto huku ameshika fimbo. Hakumpiga mtu. Lakini ulimi wake ulitosha.

Mwaka mmoja Domitila na mumewe, Eleuterio, waliamua kuingia mashindano makubwa ya mji wa Trujillo, kundi la watu wazima. Domitila aliyatamani mashindano hayo tangu akiwa msichana. Kwanza alizaa, kisha akalea, kisha akamuuguza mama yake. Sasa watoto walikuwa wameondoka na zamu yake ilikuwa imefika. Mimi, Bertila, jirani yao, nilipewa kazi ya kushona gauni. Mashindano yalikuwa mwisho wa Januari iliyofuata.

Mwezi wa Agosti kisigino chake cha kulia kikaanza kuuma.

Asubuhi, akikanyaga chini tu, anahisi kama amekanyaga msumari. Anashika ukuta hadi jikoni. Akishatembea kidogo maumivu yanapungua. Akikaa kupumzika, halafu akiinuka, yanarudi.

"Nyayo zako zimelegea," Bibi Ubaldina akamwambia. "Wiki ile ya baridi ulivaa soksi. Nilikuona."

"Mama, nilikuwa na mafua."

"Mafua yako puani. Soksi za miguuni za nini?"

Dawa ya bibi ilikuwa kokoto zaidi. Domitila alimtii. Kila jioni alizunguka ua peku, akikunja uso, na kila asubuhi kisigino kiliuma kuliko jana. Kwenye mazoezi alirusha leso vizuri na kutabasamu vizuri. Lakini zikifika zile hatua za haraka za mwishoni, alichechemea.

"Tuache safari hii," Eleuterio akamwambia siku moja. "Tutaingia mwaka mwingine."

"Neno hilo nalisikia tangu unioe. Kila kitu changu ni mwaka mwingine. Nikiacha safari hii sitarudi tena, najijua."

Nilikuwa nimepiga magoti miguuni pake, napima pindo la gauni. Chozi liliniangukia mkononi. Nikajifanya natafuta mkasi, na kwa haraka zangu nikamwaga pini zote sakafuni.

Hapo Bibi Ubaldina akapita. Alipoinua mguu, nikaona pini imezama kwenye unyayo wake hadi kichwani.

"Bibi, simama. Umekanyaga pini."

"Pini gani?"

Nikaichomoa. Hakukunja hata uso. Akamgeukia Domitila.

"Umeona? Huu ndio mguu. Wako umeuazima wapi?"

Tulicheka wote, hata Domitila. Tukamsifu bibi na nyayo zake, tukarudi kwenye gauni.

Oktoba ilipofika, Domitila hakuweza tena kusimama hadi supu iishe. Eleuterio akakasirika, na yeye si mtu wa hasira. Akasema kesho wanakwenda kituo cha afya, kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bi Rosaura Sachún. Bibi Ubaldina akasema naye atakwenda, asije mtu akazitukana nyayo za familia. Mimi nilikwenda kwa sababu napenda kujua mambo.

Bi Rosaura alimkalisha Domitila kitandani.

"Nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma."

Domitila akagusa chini ya kisigino, upande wa ndani.

"Panauma zaidi wakati gani?"

"Nikiamka. Zile hatua za kwanza. Baadaye panatulia, ila nikisimama sana jikoni panarudi."

"Basi mguu wako umeshajieleza," Bi Rosaura akasema. "Mtu akija na maumivu ya mguu, kwanza nauliza wapi na wakati gani. Ndani ya unyayo, chini ya ngozi, kuna ukanda mgumu. Unaanzia kisiginoni, unakwenda hadi kwenye vidole. Huo ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Wewe umeutesa juu ya saruji na kokoto, sasa umeumia pale unaposhikana na kisigino. Ukilala unajikunja. Ukiamka na kusimama, unavutwa ghafla. Ndiyo huo msumari wako."

"Kwa hiyo si ngozi yangu imelegea?"

"Ngozi yako ni ngumu kama soli. Lakini kinachouma kiko ndani. Ndani hakukomazwi kwa kokoto."

Bibi Ubaldina akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

Eleuterio akajikuna kichwa. "Na mimi je, daktari? Nikicheza muda mrefu, mbele ya mguu, kati ya vidole, panawaka moto. Kama kuna kijiwe ndani ya kiatu. Nikivua kiatu na kupasugua, napona."

Domitila akamtazama. "Hukuniambia."

"Ningeanzia wapi kulalamika, na wewe unashika kuta?"

Bi Rosaura akaomba kiatu chake. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, kina ncha mbele. Akamwambia aweke mguu juu yake. Mguu ulimwagika pande zote mbili.

"Mguu mpana, kiatu chembamba. Mshipa wa fahamu unabanwa kati ya mifupa. Tafuta kiatu chenye nafasi mbele. Waamuzi hawatazami ncha ya kiatu."

Nami sikukubali kupitwa. Nikamuuliza kuhusu shangazi yangu, ambaye kidole gumba cha mguu kilimvimba.

"Kilivimba ghafla? Chekundu, cha moto, hata shuka likigusa analia?"

"Kana kwamba ulikuwepo."

"Inaweza kuwa jongo, ugonjwa wa viungo. Aje apimwe. Mwingine huumwa nyuma ya kisigino, juu kidogo, hapo kwenye kano. Huyo apunguze mbio na milima. Na mtu akiumwa mahali pamoja juu ya mfupa, pakavimba, na kila akitembea panazidi, asijikaze. Mfupa unaweza kuwa na ufa. Huyo aache kucheza, aende hospitali."

Bibi Ubaldina akasimama. "Kila mtu hapa ni mgonjwa. Twendeni nyumbani. Miguu yangu haijaniuma miaka na miaka."

"Kweli kabisa," nikasema kwa fahari. "Juzi juzi alikanyaga pini yangu ikazama yote, na hakusikia kitu."

Nilitegemea Bi Rosaura acheke kama tulivyocheka sisi. Hakucheka.

"Bibi, tafadhali kaa hapa kidogo. Fumba macho. Nikikugusa, niambie."

Akachukua kipande cha pamba. Akagusa kidole gumba cha bibi. Bibi kimya. Akagusa kidole cha pili, kisha katikati ya unyayo, kisha kisigino. Bibi kimya. Sisi tulikuwa tunaona pamba inavyopita.

"Mbona huanzi?" bibi akauliza.

Domitila alifunika mdomo kwa mkono. Bi Rosaura akapandisha pamba hadi juu ya kifundo.

"Hapo," bibi akasema. "Hapo umenigusa."

Alipofumbua macho alisoma nyuso zetu, naye akaacha kuringa. Bi Rosaura akaugeuza mguu wake kwenye mwanga. Chini ya sugu nene, karibu na kidole gumba, palikuwa na kidonda chenye unyevu. Hakuna mtu nyumbani aliyekijua, hata mwenyewe. Wakampima damu, na sukari ilikuwa juu sana.

"Ni kisukari, bibi. Kimekula hisia za miguu yako polepole. Mguu wa Domitila unauma, ndiyo maana ameuleta. Wako haukuweza kukuita."

"Nitakatwa?"

Sijawahi kumsikia bibi akiongea kwa sauti ndogo hivyo.

"Hapana, ukifuata nitakachokuambia. Kidonda bado hakijafika ndani. Umekuja mapema."

"Sikuja. Nimemsindikiza huyu."

"Basi mshukuru huyu na kisigino chake."

Bibi Ubaldina akamgeukia mkwewe. Kisha akamshika mkono, na wakatoka hivyo hadi nje.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilibadilika. Domitila aliweka raba zenye soli nene kando ya kitanda. Kabla ya kusimama, alikaa, akavuta vidole vya mguu kuelekea kwake, akahesabu taratibu, akaachia, akarudia. Kisha viatu, ndipo sakafu. Mchana alisukuma ukuta kwa mikono, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, mpaka shavu la mguu livutike. Jioni alikaa na kubingirisha unyayo juu ya chupa ya maji baridi. Supu aliipika akiwa na viatu, wateja wakamtania kwamba amekuwa mtu wa mjini. Mazoezi ya ngoma aliyapunguza, kisha akayaongeza kidogo kidogo. Upeku ulibaki wa uwanjani tu.

Bibi Ubaldina alipewa dawa za sukari, na nesi alimsafisha kidonda. Hakutembea peku tena, hata kwenda chooni. Kabla ya kuvaa kiatu alitia mkono ndani kutafuta kijiwe. Kila jioni aliweka kioo sakafuni na kukagua nyayo zake, huku akizisema.

"Wasaliti wakubwa nyinyi. Nimewasifu maisha yangu yote."

Haikuwa rahisi. Novemba kisigino kilikuwa bado kinauma, na Domitila alikuja kwangu akasema nisitie shanga kwenye gauni, hakuna haja. Nilimwambia shanga nimeshanunua, atacheza hata kwa ajili ya shanga. Akarudi kwenye ukuta wake na chupa yake.

Kisha Jumatatu moja ya Desemba aliingia jikoni, akawasha moto, akaweka ngano, akakatakata kitunguu. Ghafla akasimama na kisu mkononi. Akamwita Eleuterio.

"Nimefikaje hapa?"

"Umetembea," Eleuterio akasema, macho yamejaa usingizi.

"Sikushika ukuta."

Siku hiyo supu iliungua chini, na hakuna mteja aliyelalamika.

Mwisho wa Januari uwanja wa Trujillo ulijaa. Bendi ilipoanza, Domitila aliingia peku, gauni langu likimzunguka, leso juu. Eleuterio alikuwa na viatu vipya, vipana mbele, na alitabasamu kuliko miaka yote. Walizungukana, wakakwepana, wakarudiana. Nilikuwa nimekaa na Bibi Ubaldina, mikono yetu imeshikana, tukingoja zile hatua za mwishoni.

Zikaja. Ngoma ikapanda, na nyayo za Domitila zikaipiga sakafu haraka, zikaipiga tena, kulia na kushoto, bila kuchechemea hata mara moja. Uwanja wote ukasimama. Nililia waziwazi, na sioni aibu kusema.

Waamuzi waliposoma majina ya washindi, yao yalikuwa ya kwanza.

Domitila alivishwa mkanda wa ubingwa. Akashuka, akaja moja kwa moja hadi tulipokaa, akauvua na kumvisha mama mkwe wake. Bibi aliupapasa, kisha akautazama mguu wa mkwewe.

"Vaa viatu," akasema. "Ngoma imekwisha."

Sasa picha ziko mbili sebuleni. Kokoto za uani zimezolewa, pamepandwa maua. Wasichana wa ngoma bado wanakuja, lakini fimbo haipo. Bibi Ubaldina, ndani ya viatu vyake vyeupe, huwakalisha mmoja mmoja kwenye benchi, macho yamefumbwa. Huwauliza kama kuna mahali panauma, wapi, na wakati gani. Kisha huchukua kipande cha pamba na kukipitisha kwenye unyayo.

"Unasikia?"

"Nasikia, bibi. Panatekenya."

"Hapa je?"

"Na hapo pia."

"Basi nenda ukacheze."