Tone la Damu na Mashati Meupe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kifungo alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Shuleni aliitwa kwa jina lake halisi, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Alianza kushona vifungo angali mdogo, akikalia mito ili aifikie meza, na mama yake akambandika jina hilo. Likaganda.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka lake. Shule zilipokaribia kufunguliwa, chumba kilijaa mashati meupe ya wanafunzi. Yalitundikwa kwenye kamba, yakalazwa juu ya viti, mengine yakapanda hadi juu ya kabati la vyombo. Asiyenawa mikono hakuruhusiwa kugusa kitu. Mjomba, aliyetengeneza redio katika kibanda cha jirani, alisema kuingia kwa dada yake siku hizo kulikuwa kugumu kuliko kuingia benki.

Mama alikuwa na kisukari. Vidonge vyake alivimeza bila kukosa, ila kupima sukari kulimshinda, kwa sababu kupima kulitaka kutoboa kidole na kutoa tone la damu. Siku moja aliwahi kuacha doa dogo kwenye kola ya shati jipya, na mteja akamrudishia mbele za watu. Aibu ile ilimkaa rohoni. Tangu hapo, msimu wa mashati ulipofika, alikificha kipimo chake ndani ya droo ya mabaki ya vitambaa. Alisema atapima shule zikishafunguliwa.

Msimu huu kulikuwa na jambo jingine. Mara nyingi baada ya kula chakula chenye mafuta, mama aliweka mkasi chini, akashika ubavu wa kulia na kufumba macho. Kifungo alimwona. Alipouliza, aliambiwa ni vidonda vya tumbo tu.

"Na usimwambie mjomba wako," mama alisema. "Ataleta maneno mengi, na mimi nina kazi."

Kifungo akanyamaza. Mama alijikaza kisabuni, akaendelea kushona.

Jumamosi moja mchana, mjomba aliwaletea mayai na viazi vya kukaanga, kisha akarudi kibandani kwake. Chakula hakijapoa tumboni, mama akalaza kichwa juu ya cherehani. Jasho lilimtoka, na mwili wote ulikuwa ukitetemeka.

Kifungo alijua la kufanya, au alidhani anajua. Muuguzi wa kliniki alimfundisha kwamba mama akitokwa na jasho na kutetemeka, huenda sukari imeshuka, basi ampe maji ya sukari. Alikimbia jikoni, akakoroga glasi moja. Mama alikunywa nusu, akatapika. Kifungo akakoroga nyingine, akazidisha sukari.

"Kunywa, mama. Kunywa kidogo tu."

Mama alikunywa kwa ajili ya mtoto wake. Hali haikutengemaa. Kutetemeka kulizidi, na Kifungo alipomgusa paji la uso alikuta lina moto. Somo alilofundishwa lilikuwa hilo moja, na lilikuwa limekwisha. Hakujua pa kushika. Alisimama katikati ya mashati meupe, glasi mkononi, akilia, kisha akatoka mbio kumwita mjomba.

Hospitalini, muuguzi alitoboa kidole cha mama, akatazama kipimo, akamwita daktari haraka. Kifungo alimsikia akisema kwamba sukari imepanda sana. Imepanda, siyo imeshuka. Aliangalia viganja vyake vilivyokuwa bado vinanata sukari, akavificha nyuma ya mgongo.

Daktari, mwanamke mwenye miwani na sauti ya taratibu, alimpima mgonjwa tumbo kwa mashine, kisha akawaeleza. Chini ya ini kuna mfuko mdogo unaohifadhi nyongo, yale maji machungu yanayousaidia mwili kusaga mafuta. Ndani ya mfuko wa mama kulikuwa na mawe. Jiwe moja lilikuwa limeziba njia, mfuko ukavimba na vijidudu vikauvamia. Mfuko ule ulihitaji kutolewa.

"Basi utoeni leo," mjomba alisema.

Daktari alitikisa kichwa. Kumpasua mtu ambaye sukari yake iko juu hivyo ni hatari, na kidonda huchelewa kupona. Lakini sukari nayo ilikuwa ngumu kushuka kwa sababu mwili ulikuwa unapambana na vijidudu.

"Ugonjwa wa nyongo na sukari vimeshikana mashati," alisema. "Tunampa dawa za kuvitenganisha. Inatubidi tusubiri kidogo."

Kusubiri kulikuwa kubaya kuliko kukimbia. Kifungo alikaa kwenye benchi la korido, akiruhusiwa kuingia wodini dakika chache tu, na kila alipoingia alimkuta mama amelala na mpira wa dawa mkononi, midomo imekauka. Hakuweza kumpa hata maji bila ruhusa. Nyumbani alijaribu kushona vifungo ili kazi ya mama isilale, lakini alivishona vikapinda, akavifumua, akavishona tena. Mjomba, ambaye kwa kawaida hakukosa utani, alikaa karibu naye akimtungia uzi kwenye sindano.

Siku sukari ilipoanza kushuka, Kifungo alimfuata daktari koridoni.

"Daktari, ni mimi niliyemuumiza? Nilimpa maji ya sukari. Nilimpa mara mbili. Kipimo alikuwa amekificha, na ubavu ulipomuuma aliniambia ninyamaze."

Daktari alikaa naye kwenye benchi.

"Hukumletea mama yako ugonjwa, mwanangu. Mawe yale yalikuwepo siku nyingi, na watu wenye kisukari huyapata kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Glasi ya kwanza ulimpa kwa sababu hukuwa na kipimo mbele yako, na bila kipimo hata mimi ningeogopa sukari iliyoshuka. Lakini alipokuwa na homa na maumivu ya ubavu, na glasi ile isimsaidie, huo ulikuwa wakati wa kuita mtu mzima. Hukujua, na hakuna aliyekueleza. Kipimo kingekueleza, ila kilikuwa kimefichwa. Na maumivu yangetueleza mapema, ila nayo yalifichwa."

Kifungo alilia kwa sauti, na daktari alimwacha alie.

Mama alipasuliwa, mfuko wa nyongo ukatolewa salama. Alirudi nyumbani amekonda, akitembea polepole, na shule zilikuwa zimeshafunguliwa.

Asubuhi aliyokaa tena kwenye cherehani, mteja alisimama mlangoni akidai shati la mwanawe. Alikuwa yule yule wa kola yenye doa. Mama alimkaribisha kiti, akafungua droo, akatoa kipimo.

"Naomba unisubiri, dada. Napima kwanza."

Alitoboa pembeni mwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kama alivyoelekezwa hospitalini, kidole asichokitumia kushonea. Kifungo alikuwa tayari na kipande cha kitambaa cheupe kutoka kwenye mabaki. Mama alikibana kidoleni, na doa jekundu likatokea. Mteja alilitazama, akakaa kitini kusubiri.

"Nililiogopa doa hili kuliko ugonjwa wenyewe," mama alimwambia binti yake. "Nikakufundisha na wewe kunyamaza, ukabaki peke yako na glasi ya sukari. Mwili ukiuma, sema. Hata mimi nikikwambia unyamaze, usinyamaze."

"Sawa, mama," alisema Kifungo. "Basi leo mayai ya kukaanga hakuna."

Mama alicheka huku ameshika mshono wa tumbo, akavuta shati la kwanza.