Maparachichi ya Nyuma ya Jiko

Saa moja asubuhi, kreti za maparachichi zilikuwa zimepangwa mbele ya kituo cha kikundi cha wakulima, Igamba. Gari la kiwanda cha mafuta lilikuwa limefika. Tulinagwe, mwanafunzi wa darasa la sita, alisimama karibu na mama yake, Ketrina.

Jana yake mama alimtuma kuchuma bondeni, kwenye miti mikubwa ya Hass, aina ya parachichi inayotakiwa na kiwanda. Tulinagwe aliona ni mbali mno. Alichuma nyuma ya jiko, kwenye miti michanga iliyozaa kwa mara ya kwanza, kisha akafunika juu kwa matunda machache ya bondeni.

Shadrack, bwana shamba, alichukua matunda ya chini kutoka kreti mbalimbali. Aliyakata, akayachanganya, akayapima uzito, akayakausha katika oveni ndogo, kisha akayapima tena.

“Maji mengi, mafuta machache,” alisema. “Mzigo wote umekataliwa.”

Watu wakamgeukia mzee Kasiani, kwa kuwa alikuwa na mti wa parachichi la kienyeji.

“Mzee, ya kienyeji ni ya kachumbari!” alifoka Yonasi, mwenyekiti. “Hakuna kiwanda kinachokamua maji. Leo unatoka kwenye kikundi.”

“Nimeleta Hass tupu,” alijibu Kasiani. “Nikitoka humu, nitamuuzia nani?”

“Kawauzie nguruwe!” mtu alisema, na wengine wakacheka.

Tulinagwe akasogea mbele. “Mwacheni babu. Ni mimi. Nilichuma kwenye miti michanga.”

“Umeniua, mwanangu,” alisema Ketrina kwa sauti ndogo.

Kreti zao zikatolewa. Shadrack akapima upya mzigo uliobaki, ukafaulu. Yonasi alimwomba Kasiani radhi bila kumtazama, kisha akatamka kanuni ya kikundi: nyumba iliyochanganya matunda haiuzi tena msimu huo.

“Lakini hata ile miti michanga ni ya Hass, bwana shamba,” Tulinagwe alisema.

“Aina ni moja, umri si mmoja. Tunda la mti mchanga huchelewa kujaa mafuta. La kienyeji huwa na mafuta machache hata mti ukizeeka. Hayo ungeuliza, ungeambiwa. Uliona uvivu, ukaficha, na mzee akatukanwa kwa kosa lako. Kusema kweli kumemsafisha yeye. Hakukuongeza mafuta katika matunda yako.”

Saa sita gari liliondoka. Kreti za Ketrina zilibaki chini.