Sikuona, Saa Tisa na Dakika Ishirini

Katika karakana ya shangazi yangu, penseli ni marufuku. Kila asubuhi ya likizo ile alinisimamisha mlangoni na kunikagua.

"Viatu vya kufunika vidole?"

"Ninavyo, Shangazi."

"Nywele umefunga?"

"Nimefunga."

"Kalamu?"

Nilimwonyesha kalamu yangu ya wino wa bluu, naye akanipisha. Penseli hufutika, na Shangazi hakutaka kitu cha kufutika kiingie kwenye chumba cha injini.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na pale karakana wote waliniita Kalamu kwa sababu ya mwandiko wangu. Mnadhani najisifu? Ndiyo, najisifu. Mwandiko wangu ulinyooka hata mwalimu mkuu aliwahi kuniomba niandike tangazo la shule. Laiti ningekuwa na mwandiko mbaya! Mambo ya likizo ile yasingenifika.

Chumba cha injini kilikuwa nyuma kabisa. Katikati palikuwa na injini iliyofungwa kwa boliti juu ya meza ya chuma, haina gari, haina magurudumu. Mbele ya rejeta yake, inayopoza maji ya injini, lilisimama feni la umeme lenye kimo changu. Ukutani kulikuwa na geji tatu: ya joto, ya mafuta na ya mwendo. Shangazi aliiwasha injini ikanguruma kutwa nzima bila kwenda popote, ili ajue inavumilia nini na inachokea wapi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na hakuna fundi mjini aliyemfikia.

Safari hii injini haikuwa ya jirani mwenye pikipiki ya magurudumu matatu. Ililetwa na kampuni kubwa ya kutengeneza magari, ile iliyokuwa zamani na timu kwenye mashindano makubwa kuliko yote ya mbio za magari, kisha ikajitoa. Sasa sheria za injini za mashindano zilikuwa zinabadilika, na kampuni ilitaka kurudi.

"Kurudi!" Babu alifoka siku ya kwanza. Babu ndiye baba yake Shangazi, na karakana aliianzisha yeye. "Waliondoka bila hata kuaga. Nimewashangilia miaka ishirini, wakaniacha kwenye mataa. Leo wanarudi na injini ya kuchajiwa kama simu!"

"Baba, si ya kuchajiwa tu," Shangazi alimjibu huku akikaza boliti. "Nusu ya nguvu itatoka kwenye mota ya umeme, nusu kwenye injini kama unayoijua wewe. Ila mafuta yake hayachimbwi ardhini. Yanatengenezwa kwa mabaki ya mimea. Sisi tunayajaribu hayo mafuta kwenye injini ya kawaida, saa arobaini. Karakana nyingine nazo zinajaribu. Yakifaulu, yataingia hata kwenye magari ya watu barabarani."

"Na mlio je? Gari la mbio bila mlio ni cherehani."

"Utausikia mwenyewe."

Babu aliguna. Kwenye msumari wa ofisini alikuwa ametundika kofia ya zamani ya timu ya kampuni hiyo, nembo yake ikiangalia ukuta. Aliigeuza siku walipojitoa, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kazi yangu ilikuwa moja. Kila baada ya dakika kumi nisome geji na kuandika daftarini: saa, joto, mafuta, mwendo. Shangazi alinipa sheria moja tu.

"Andika ulichokiona, wakati ulipokiona. Ukipitwa, andika SIKUONA, uendelee. Hakuna atakayekugombeza kwa neno hilo. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa."

Alinifungulia daftari la zamani la Babu, kurasa zake zimeingia oili, nikaona SIKUONA mara nne kwenye ukurasa mmoja. Nilicheka. Moyoni nikajiambia kwamba daftari langu halitakuwa na hata moja. Nilitaka litoke safi kama sare ya Jumatatu.

Kwa siku nne likatoka hivyo hivyo. Mshale wa joto ulisimama kwenye themanini na nane, mara themanini na tisa, na mimi nikaandika. Siku ya tano, Jumapili, ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mchana Shangazi alikwenda kutafuta mpira wa bomba la maji.

"Baba, nakuachia injini," alisema. "Na huyu mtoto pia nakuachia."

"Nenda, nenda. Mimi injini naisikia ikiugua kabla haijajua yenyewe."

Jumapili hiyo hiyo kulikuwa na mbio kwenye televisheni. Ofisi ilikuwa ukuta mmoja tu na chumba cha injini, na kila nilipotoka kusoma geji nilimkuta Babu kaketi ukingoni mwa kiti, anampigia kelele dereva wake kipenzi, asiyemsikia. Saa tisa na dakika kumi nilisoma themanini na nane, nikaandika. Ndipo Babu akaniita.

"Kalamu, njoo! Kijana wetu anataka kuongoza! Njoo uone, dakika tano tu!"

Nikaenda. Kweli nilikusudia kurudi saa tisa na dakika ishirini. Lakini saa tisa na dakika kumi na saba, kijana wetu akiwa ubavuni mwa aliyeongoza, televisheni ikazima. Umeme ulikatika.

"Alaa!" Babu aliruka kama mtoto. "Sasa? Sasa hivi kweli?" Akampigia simu rafiki yake Fundi Matairi, anayekaa upande wa pili wa mji, ambako umeme ulikuwepo. Fundi Matairi akaanza kututangazia mbio kwenye simu, akipayuka hata maneno yakakwaruza, nasi tumeibana simu katikati ya vichwa vyetu viwili. Nyuma ya ukuta injini iliendelea kunguruma, kwa hiyo hakuna aliyeiwazia. Umeme uliporudi tuliirukia televisheni. Kijana wetu akashinda! Tulikumbatiana, Babu akacheza kidogo na goti lake bovu.

Nilipokumbuka daftari, saa ilikuwa tisa na dakika arobaini na mbili.

Nilikimbia. Mshale ulikuwa kwenye tisini na moja. Daftarini palikuwa na nafasi tatu tupu: dakika ya ishirini, ya thelathini, ya arobaini. Kalamu ilikuwa mkononi. Niliwaza neno lile SIKUONA mara tatu kwenye ukurasa wangu mzuri, nikaona haya. Halafu, joto lilikuwa themanini na nane siku tano nzima, si lilikuwa hivyo hivyo? Nikaandika: themanini na nane, themanini na tisa, themanini na nane. Mwandiko ulinyooka kuliko siku zote.

Shangazi alirudi saa kumi. Alisimama mlangoni, akainamisha kichwa. "Mbona inakohoa?"

Babu alisikiliza, akakunja uso. Shangazi alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye namba zangu, akanishika bega. "Joto liko sawa. Ahsante, mama." Bega langu liliwaka moto hadi usiku.

Jumatatu alikuja mhandisi wa kampuni, mwanamume mpole mwenye miwani. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Yeye na Shangazi wakafungua injini pole pole. Walipoinua kichwa cha silinda, wote wawili wakainama kutazama karibu. Gasketi, kile kizibo chembamba chini ya kichwa hicho, ilikuwa imeungua ukingo mmoja, na pistoni mbili zilikuwa na mikwaruzo mirefu.

"Hili ni joto," alisema mhandisi. "Joto kubwa."

"Lakini maji yalikuwa themanini na nane muda wote," alisema Shangazi. "Tazama."

Mhandisi alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, tena bila haraka. "Daftari lako ni safi, Mama Fundi. Basi limebaki jambo moja. Mafuta haya yanaungua kwa ukali ndani, na geji haioni. Itabidi niandike hivyo. Pale makao makuu wako wasiotaka kabisa turudi kwenye mashindano, na ripoti kama hii ndiyo wanayoingojea."

Niliona Shangazi akifuta mikono kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Niliyapenda mafuta haya," alisema. "Nilidhani tumepata kitu. Lakini kama daftari linasema hivyo, mimi naliamini daftari langu." Akachukua kalamu ili asaini.

Ningeweza kunyamaza. Wala hakuna ambaye angejua, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilimtazama akiinama kusaini chini ya uongo wangu, jina lake, si langu, nikashindwa.

"Shangazi, usisaini!"

Wote waligeuka. Nikaanza kulia kabla sijasema, kisha nikasema yote kwa pamoja, televisheni, nafasi tatu, themanini na nane. "Sikuona, Shangazi. Nilitunga. Sikuona hata moja."

Shangazi aliweka kalamu chini. Hakunifokea, na bora angenifokea. Alinitazama tu, uso wake umechoka ghafla. Nikatamani sakafu inimeze.

"Si yeye peke yake." Ilikuwa sauti ya Babu kutoka mlangoni. Alisogea huku akichechemea. "Injini niliachiwa mimi, na mtoto niliachiwa mimi. Nilimwita mimi. Najisifia masikio, kumbe masikio yote mawili niliyaweka kwenye simu ya Fundi Matairi."

"Simu ya nini, Mzee?" aliuliza mhandisi.

"Si umeme ulikatika, mwanangu! Televisheni ikazima katikati ya..."

Babu hakumaliza. Shangazi alikuwa ameshaligeukia lile feni kubwa, na sisi sote tukaligeukia. Injini ilikuwa na mafuta yake na betri yake, ilinguruma bila kujali. Lakini feni lilikula umeme wa ukutani, sawa na televisheni.

"Lilizima," alisema Shangazi polepole. "Injini ilifanya kazi bila feni. Kwa muda gani, Baba?"

"Nitajuaje? Sikutazama saa."

"Walikuwa mzunguko wa ngapi?" aliuliza mhandisi.

Babu alinyooka. "Ilipozima, wa arobaini na moja! Iliporudi, wa arobaini na saba. Hilo hata ukiniamsha usingizini nitakwambia."

Mhandisi alitabasamu kwa mara ya kwanza, nikajua kwamba na yeye alitazama. "Mzunguko mmoja ni kama dakika moja na nusu. Dakika tisa. Injini ilikaa dakika tisa bila feni, tena kwa mzigo, na bado ikafika jioni." Alivua miwani, akaifuta. "Mafuta hayana kosa. Ila siwezi kuandika hivyo kwa maneno ya mdomo. Mama Fundi, naomba saa arobaini nyingine, pistoni mpya, na feni lifungwe kwenye betri."

"Utazipata," alisema Shangazi. Kisha akanisogezea daftari. "Kata hizo namba tatu kwa mstari mmoja, zionekane. Pembeni andika neno lake."

Niliandika SIKUONA mara tatu, machozi yakadondokea wino. Ule ndio ukurasa mbaya kuliko yote niliyowahi kuandika. Shangazi aliusoma, akaweka saini yake chini, na Babu naye akaweka yake bila kuombwa.

Kwa siku mbili zilizofuata daftari aliandika Shangazi mwenyewe, mimi nikafagia. Sikulalamika. Siku ya tatu alinisimamisha mlangoni.

"Kalamu?"

Nilimwonyesha. Akanipa daftari bila hotuba.

Siku hiyo hiyo jirani alileta mzigo, nikapokea, nikachelewa geji dakika tatu. Niliandika SIKUONA, herufi kubwa, nikaendelea. Babu alikuwa ameketi pembeni ya injini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Televisheni aliifunika kwa gunia mwenyewe, akasema hataki ushawishi.

Saa arobaini zilipokwisha, mhandisi alirudi wakafungua injini tena; pistoni zilikuwa laini na gasketi nzima. Alisoma daftari, akafika kwenye lile neno, akaligonga kwa kidole. "Sasa naandika kwamba mafuta yamefaulu, na mtu yeyote aje aniulize."

Alipoondoka, Shangazi alinivuta ubavuni mwake. Alinuka oili na sabuni, harufu yake ya siku zote.

"Unajua kwa nini mwanzo nilitaka kusaini bila kukuuliza?" alisema. "Kwa sababu nakuamini. Ukiandika usichokiona, unaitumia imani yangu kunidanganya mimi. Kukosa kuona si aibu, mwanangu. Kila fundi kuna kitu kimempita. Sema umepitwa, tutatafuta pamoja."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nilikusamehe uliposema nisisaini."

Miezi ilipita, nami nilikuwa nimerudi shule. Jioni moja nilimkuta Babu ofisini, televisheni imewashwa. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba itarudi mashindanoni na injini mpya, na walionyesha gari likipita. Babu aliinamisha kichwa, akasikiliza mlio wake mpaka ukaisha.

"Unasemaje, Babu?"

"Ni cherehani," alisema. Kisha akaenda kwenye msumari, akaitoa kofia, akaipiga vumbi mpaka akapiga chafya mara tatu. "Lakini ni cherehani yetu."

Akaivaa, nembo ikiangalia mbele.