Moyo Kusimama Si Sababu

Walijuana kwa kugongana. Fundi cherehani alikuwa amebeba sare mpya za wauguzi, karani wa kumbukumbu amekumbatia mafaili ya marehemu hadi kidevuni, na ukumbi wa hospitali umefurika watu. Mafaili chini, sare juu yake.

"Samahani dada, sikukuona."

"Ungenionaje, na macho umeyaacha kwenye cherehani?"

Karani alivaa gauni la kijani lililompwaya mabegani, na fundi akajua papo hapo kuwa aliyelishona ni kanjanja. Akajitolea kulirekebisha bure. Gauni alilirudisha, moyo wake ukabaki hukohuko.

Mapenzi yakanoga, mpaka alipojitokeza daktari wa wodi ya wanaume, kijana mtanashati wa shati jeupe lisilojua kukunjamana. Kila mara simu, daktari hivi, daktari vile. Jioni moja fundi alikuja kumchukua mpenzi wake, sketi mpya mkononi, akamsikia ndani ya ofisi akisema kwenye simu kwa sauti laini:

"Daktari, usinikwepe. Moyo ulisimama, sawa, lakini kwa nini? Niambie ukweli… Basi Jumamosi twende wote nyumbani, tukayamalize."

Salaale! Fundi aliingia bila hodi.

"Nani huyo unayemuuliza habari za moyo?"

"Ni kazi, mpenzi. Madaktari wakichoka wanaandika tu 'moyo kusimama'. Kwani nani amewahi kufa moyo ukidunda? Natakiwa nijue kilichomuua mtu, ili wakubwa wakadirie watu wa eneo zima wanakufa na nini."

"Na huko nyumbani ni kwa nani?"

"Kwa wafiwa. Wengi hawafii hospitali. Tukihesabu waliofika kwetu tu, tutajidanganya."

"Jumamosi shangazi yangu anakuja kwenu kuleta posa!"

"Jioni, baba. Nitakuwa nimerudi."

"Marehemu wana bahati! Mimi mpaka nife ndiyo nipate nafasi?"

"Mzee wa wivu wewe, usitanie kifo."

"Shangazi haji. Mwambie daktari wako alete wake!"

Akaondoka na sketi yake. Wivu ni mbaya, jamani. Simu zake hakupokea, chakula hakikupita, na suruali ya mteja aliishona mguu mmoja nje ndani. Jumamosi akafunga duka, akawafuata kwa nyuma. Alimwona daktari akimpa karani mkono kuvuka mtaro, na mkono ule, kwa hesabu zake yeye, ulikawia kuachiwa. Walipoingia kwenye nyumba moja ya bati, akasukuma mlango.

"Leo mtanitambua!"

Sebuleni, mama mmoja alikuwa mkekani akilia. Karani amemshika mkono, daktari anaandika.

"Karibu, mwanangu," mama alisema, akijifuta macho. "Nawe umekuja kumuulizia marehemu? Kaa."

Fundi akakaa. Angefanya nini?

"Endelea, mama," karani alisema bila kumtazama fundi. "Kabla ya miguu kuvimba, alikuwa anakojoa kama kawaida?"

"Hata hilo hakuna aliyeniuliza. Watu walikuja, wakaniambia kazi ya Mungu, wakaenda zao."

Fundi aliacha kumtazama daktari. Maneno hayohayo aliambiwa yeye utotoni.

Walipotoka, daktari alitangulia. Alikuwa bado mzuri, na fundi, kusema kweli, bado alimwonea wivu.

"Umenitia aibu mbele ya mfiwa," karani alisema. "Sijui kama naweza kuishi na mtu wa hivyo."

"Nimekosa. Lakini wote hawa unawauliza. Mimi hujawahi."

"Nikuulize nini?"

"Mama yangu alifia nyumbani. Nilikuwa mdogo. Wakasema ni kazi ya Mungu tu. Mpaka leo sijui kilichomchukua."

Hasira ilikuwa bado haijamtoka karani usoni, lakini aliketi kwenye ngazi ya mlango wa jirani, akasogea kumpisha.

"Alianza kuumwa wapi?"

"Kifuani, huku. Alikuwa hawezi kulala chali. Alilala amekaa, mimi nimemwegemea mgongoni." Alikuwa hajawahi kumwambia mtu hayo. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Daktari akaita kutoka barabarani kwamba wanachelewa.

"Tangulia," karani alijibu bila kugeuka. "Mimi niko na mtu wangu."

Kisha akamfuta fundi shavu kwa ncha ya kitambaa chake.

"Mpigie shangazi simu, aje. Halafu tuendelee. Hawezi kulala chali, tangu lini?"