Mtoto wa Dirishani

Rosa alikuwa na miaka minne. Kila asubuhi mama yake, Yusta, alimkalisha juu ya kreti la soda, nyuma ya dirisha la duka. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, pale Kwamndolwa, mjini Korogwe. Waliuza chumvi, viberiti, mafuta ya taa, sabuni ya mche na pipi.

Zamani hawakuwa na duka. Yusta na mumewe, Benedicto, waliishi kambini, kwenye shamba la mkonge. Kisha shamba likapunguza watu, na Benedicto akawa mmoja wa waliopunguzwa. Wakahamia Kwamndolwa, wakafungua duka. Siku hizo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria na kila mtu alijaribu kuuza chochote. Benedicto akawa ananunua mahindi Handeni na kuyaleta Korogwe. Nyumbani alilala mara chache. Yusta akabaki na duka na mtoto.

"Rosa, angalia pipi," Yusta alisema kila alipoingia ndani kuchochea moto. "Watoto wa hapa wana mikono mirefu. Akigusa mtu, mpige mkono!"

Rosa aliangalia kweli. Mtoto akisogea tu, alipiga kelele, "Usiguse! Za kwetu!"

Wateja walicheka. "Loo! Mama Rosa, hapa umepata askari!"

Yusta aliona fahari. Mtoto wake hachafuki, hazururi, na anaamkia wakubwa bila kukumbushwa. Akasema, huyu ana adabu.

Jamani, adabu gani hiyo? Mtoto alikuwa mpweke! Mchana jua likiwa kali na wateja hakuna, Rosa alipanga viberiti mstari mmoja na kuvipa majina. Aliviuliza, "Mmekula?" Kisha akajijibu mwenyewe, "Tumekula." Ng'ambo ya njia, uani kwa Mama Hiza, watoto walikuwa wakipika pilau ya mchanga kwenye vifuu vya nazi. Rosa alisikia vicheko vyao.

"Mama, na mimi nataka kupika kule."

"Utachafuka. Kaa hapa na mimi."

Na Yusta naye, tusimwonee, alikuwa mpweke vilevile. Kambini milango ilitazamana. Ukiungua kidole, jirani alisikia. Hapa Kwamndolwa aliwajua wateja wake wote kwa majina, lakini hakuna aliyeingia ndani akaketi. Walilipa, wakachukua, wakaenda zao.

Mwaka mpya ulipoanza, Yusta alimpeleka Rosa chekechea. Alimshonea sare, akampaka mafuta mpaka akang'aa. Wiki haikwisha. Hiza, yule mtoto wa ng'ambo ya njia, aligusa kikombe cha Rosa. Rosa akapiga kelele, "Usiguse!" Hiza akacheka, akagusa tena. Rosa akamng'ata mkono.

Kuanzia hapo watoto walimkimbia. Akisogea, walisema, "Huyo anang'ata!" Rosa alisimama ukutani peke yake mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Yusta alimchapa. Haikusaidia. Kesho yake akampa mfuko wa pipi awagawie wenzake. Watoto walikula pipi, kisha wakakimbilia michezo yao. Rosa alirudi nyumbani na mfuko mtupu.

"Mama," aliuliza, "pipi zimeisha. Kesho watanipenda kwa nini?"

Yusta alisikia uchungu mpaka rohoni. Aliukunja mfuko ule, akaukunja tena. Mwisho akasema, "Basi. Jumamosi nitakupeleka Kwashemshi kwa bibi yako. Ukae huko mpaka ukue. Hapa watu hawatutaki."

Akaanza kufua nguo za mtoto na kuzikunja. Kila nguo aliyoikunja, machozi yalimtoka. Rosa akienda, ndani ya nyumba hii atabaki na nani?

Ijumaa mchana, Mwalimu Bernadina wa chekechea alifika dukani. Alikuwa mama wa makamo, mcheshi, mwenye sauti kubwa.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Leo sinunui kitu, Mama Rosa. Nipe pa kukaa."

Yusta alishtuka. Alimletea kigoda. Mwalimu akaziona nguo zilizokunjwa, akauliza za nini. Yusta akamweleza yote.

"Mtoto wangu ana roho mbaya, mwalimu. Sijui kairithi wapi."

"Roho mbaya? Hebu acha! Rosa hajui kucheza na wenzake, basi. Kucheza na wenzake mtoto anajifunza, kama alivyojifunza kutembea. Alipokuwa anaanguka ulimchapa?"

"Hapana. Nilimshika mkono."

"Ehee. Mtoto kwanza huwatazama wenzake. Halafu hucheza pembeni yao, kila mmoja na chake. Ndipo polepole wanacheza pamoja. Wenzake walianza zamani kule uani. Wamegombana, wamelia, wamepatana. Rosa wewe umemweka dirishani alinde mali. Mtoto akinyoosha mkono, yeye anaona mwizi."

Yusta aliinama. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Ulikuwa unatafuta riziki. Sasa niambie. Tangu uhamie hapa, umewahi kuazima kitu kwa jirani?"

"Niazime nini, mwalimu? Duka ninalo."

"Basi Rosa amemwona nani akiomba kitu, akangoja, akashukuru, akarudisha? Watoto hutuangalia sisi. Kinu unacho?"

"Sina. Hata kisamvu sijala tangu tutoke kambini."

"Nenda kwa Mama Hiza ukatwange kisamvu. Nenda na Rosa. Usimsukume kwa watoto. Mwache akae karibu nawe mpaka atake mwenyewe. Mtoto mmoja au wawili wanatosha kwa kuanzia. Wakigombana, usikimbilie fimbo. Mpe maneno ya kusema. Na hiyo safari ya Kwashemshi, iahirishe. Huko nako atawakuta watoto."

Jumamosi Yusta alifunga dirisha la duka asubuhi. Alichuma majani ya muhogo, akamshika Rosa mkono, akavuka njia. Alitembea polepole, utadhani anakwenda kituo cha polisi.

Mama Hiza alikuwa anafagia. Hakutabasamu.

"Mkono wa mwanangu bado una alama," alisema.

"Najua, Mama Hiza. Nimekuja kukuomba radhi. Ilinipasa nije siku ileile." Yusta akamwonyesha majani. "Na ninaomba uniazime kinu."

Mama Hiza alimtazama yeye, akatazama majani, akamtazama na mtoto aliyejificha ndani ya kanga ya mama yake. Akaweka fagio chini.

"Majani yenyewe umechuma magumu hivyo! Utatwanga mpaka kesho. Lete nikusaidie."

Wakatwanga kwa zamu. Huyu akichoka, mwenzake anapokea mchi. Rosa aliwatazama kwa makini. Kisha akawatazama watoto. Siku hiyo hakuiachia kanga, na Yusta hakumlazimisha.

Jumatatu jioni walirudi kwa Mama Hiza na mafungu mawili ya majani. Rosa akachukua kifuu, akajaza mchanga, akapika peke yake, pembeni ya Hiza na dada yake. Waliendelea kwenda jioni baada ya jioni. Siku moja Rosa akamnyang'anya Hiza kijiko. Hiza akapiga yowe. Yusta alinyanyuka, mkono juu. Akakumbuka. Akaushusha, akachuchumaa karibu na mwanawe.

"Rosa, unataka kijiko?"

"Ndiyo!"

"Mrudishie. Halafu mwambie, 'Hiza, naomba kijiko.'"

Rosa alinuna. Mwisho akakirudisha. "Hiza, naomba kijiko."

"Ngoja," Hiza akasema. "Namaliza kuweka chumvi."

Rosa akangoja. Lo, kungoja kulimwia kugumu! Alihamisha mguu huu, akahamisha ule. Hiza alipomaliza, akampa.

"Umengoja vizuri mpaka zamu yako," Yusta akamwambia.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Rosa alipiga kelele tena, akasukuma tena, hata siku moja alirudi nyumbani analia. Lakini hakung'ata. Naye Mwalimu Bernadina, kule chekechea, alimkalisha na Hiza tu, kwenye kazi ya kupanga mawe, mpaka wengine walipoacha kumwogopa. Dukani Yusta aliacha kumpa zamu ya kulinda pipi.

Asubuhi moja ya Jumamosi, vidole vidogo vilishika ukingo wa dirisha la duka. Kichwa hakikuonekana.

"Unataka nini?" Yusta aliuliza. "Pipi?"

"Hapana," sauti ya Hiza ilijibu. "Shikamoo, Mama Rosa. Rosa yupo? Tunampikia bibi harusi, na bila Rosa hatutoshi."

Yusta aligeuka kumwita. Rosa alikuwa ameshachomoka mlangoni, miguu mitupu, bila hata kuaga.