Nyekundu Iliyowaka Kijani

Kiharusi kilimwacha Mzee bila sauti. Mama, mkewe, ni fundi cherehani na hushona sebuleni. Mumewe amelala chumbani. Akihitaji kitu, atamwitaje mkewe?

Mama akanunua mkanda wa taa za rangi, akaufunga ukutani juu ya cherehani. Kontrola, kile kiboksi cha kubadilisha rangi, akaiweka chumbani, kwani rimoti haipenyi ukuta. Akavuta waya ndefu kati yake na taa. Rimoti, yenye vitufe vya rangi nyingi, akampa mumewe.

"Nyekundu, unaumwa. Bluu, una kiu. Kijani, hujambo. Sawa, baba watoto?"

Mzee akafumba jicho moja. Hiyo ndiyo "ndiyo" yake.

Asubuhi taa ikawaka kijani. Ikazima, ikawaka tena kijani. Mama akashona huku akiimba, moyo umetulia. Alipopeleka chai, akamkuta mumewe anatoka jasho, kidole kimeganda kwenye kitufe chekundu.

"Maskini mume wangu! Unaniita, nami naimba!"

Akamgeuza, akampa dawa. Kisha akamwita binti wa jirani, msichana aliyesomea ufundi umeme.

"Shangazi, waya hizi kaziunga nani?"

"Mimi. Nilizisokota kama uzi. Zikawaka, nikamshukuru Mungu."

"Mungu kakulinda kweli! Kwanza tuchomoe plagi." Akaonyesha kwa kidole. "Mkanda una waya nne: moja ya umeme, na moja kwa kila rangi. Kontrola nayo ina nne. Lakini hizi za katikati zote nyeupe. Nyekundu umeiunga kwenye kijani."

"Sasa nitazijuaje?"

"Wewe, mwenye kabati zima la nyuzi?"

Mama akacheka. Wakafunga uzi wa rangi yake kwenye kila waya, huku na huku. Binti akaunga upya, kila kiungo akakizungushia tepu ya umeme peke yake. Akasoma maandishi kwenye vifaa.

"Adapta, hii inayoleta umeme toka kwenye plagi, volti kumi na mbili, kontrola kumi na mbili, mkanda kumi na mbili. Vizuri. Zisipolingana, taa huweza kuungua."

"Dukani walitaka kuniuzia kontrola ya kuendeshwa kwa simu, nikakataa."

"Kwa mjomba, vitufe ni bora. Plagi nairudisha. Haya mjomba, tupe nyekundu!"

Ukuta ukawaka nyekundu. Wakajaribu bluu, kisha kijani. Zote sawa.

Alasiri ukuta ukawa zambarau. Mama akasimamisha cherehani. Zambarau haikuwa katika makubaliano yao! Akakimbia chumbani.

"Unaumwa? Una kiu?"

Mzee hakufumba jicho, mkono wake ukipapasa nafasi tupu kitandani.

"Unataka nikae?"

Jicho moja likafumba.

Mama akakaa. Gauni la mteja likasubiri.