Antipasi na Neno Kupe

Siku ya josho kijiji kizima kiliamka mapema. Ng'ombe walitangulia, mbuzi wakafuata, na mbwa wa kuchungia wakaja nyuma. Ng'ombe waliogeshwa dawa ndani ya josho. Mbwa waliogeshwa pembeni, kwa maji na sabuni, ndani ya nusu pipa. Kazi hiyo kijiji kilimpa Marietha, kwa sababu mbwa hawakumwuma.

Antipasi alikuwa na mbwa mmoja, jina lake Sikusemi. Jina hilo alimpa ili kuwachokoza majirani. Lakini mbwa mwenyewe hakuwa wa mchezo. Fisi waliliogopa zizi la Antipasi kwa ajili yake. Bila Sikusemi, nyumba ile isingekuwa na mbuzi hata mmoja.

Asubuhi hiyo Marietha alifunua sikio la Sikusemi. Akamwita Antipasi kwa sauti kubwa, maana ng'ombe walikuwa wanapiga kelele.

"Baba Raheli! Kwako kuna kupe!"

Watu wakageuka. Wengine wakacheka. Miaka ile ya ujamaa neno kupe lilikuwa na meno. Redioni na mikutanoni, kupe alikuwa mtu mvivu anayekula jasho la wenzake. Na wiki ile Antipasi hakuonekana shamba la kijiji, kwa sababu mguu ulimwuma. Alihisi damu inampanda kichwani.

"Umeniita kupe mbele za watu?" akauliza.

"Nimesema habari ya mbwa, Baba Raheli."

"Umesema kwako. Kwangu ni mimi."

Hakutaka kusikia zaidi. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Mughwai, akashtaki. Mzee Mughwai hakupenda kesi. Alitaka imalizike kabla chakula hakijapoa. Akamwita Marietha.

"Mama Dorika," akamwambia, "kazi yako ni kuosha. Osha, unyamaze. Kupe waachie wenye mbwa."

"Nimesikia, mzee," Marietha alijibu. Lakini moyo ulikuwa unamchemka. Tangu siku hiyo aliosha mbwa kimya. Aliwaona kupe, akawaacha palepale.

Muda si mrefu, Sikusemi alikataa ugali. Alilala kivulini, anahema. Mkojo wake ukawa mwekundu. Usiku fisi walikuja, naye hakubweka. Asubuhi mbuzi mwenye mimba hayupo, na damu imetapakaa mlangoni mwa zizi.

Theresia, mke wa Antipasi, alifunua masikio ya mbwa. Kupe walikuwa wamejaa humo, wamenenepa kama mbegu za mbarika. Antipasi alichukua kijinga cha moto ili awaunguze.

"Utamchoma mbwa," Theresia alisema kwa ukali. "Mbuzi ameliwa, sasa unataka kuua na mlinzi? Mbebe, twende kwa Bwana Mifugo."

Bwana Mifugo aliitwa Zefania. Walimkuta kwenye josho. Marietha naye alikuwepo, anasuuza pipa. Antipasi alipomwona, hasira ikamrudia.

"Wewe ulimwosha mbwa huyu juzi. Kupe hukuwaona?"

Marietha aliweka ndoo chini.

"Niliwaona. Ulinishtaki kwa mwenyekiti, nikaambiwa ninyamaze. Nimenyamaza. Sasa unataka nini? Nikisema, nimekutukana. Nikinyamaza, nimekuulia mbwa."

Antipasi alimlaza mbwa chini.

Zefania naye alikuwa amekasirika. Aliinua mdomo wa Sikusemi.

"Tazameni ufizi huu. Ni mweupe. Kupe wamemtia ugonjwa wa damu. Mngeendelea kununiana, mngemzika."

Akamchoma mbwa sindano. Kisha akamgeukia Marietha.

"Mama Dorika, na wewe umekosea. Mwosha mbwa anaona mahali ambapo mwenye mbwa haoni. Ukiona kupe, mwambie mwenyewe, kisha mtoe. Ukiona mbwa amelegea, niite."

"Na mwenyekiti je?"

"Mwenyekiti nitakwenda kumwambia mimi. Yeye amekosea kuliko ninyi wote."

Zefania alitoa kibano kidogo mfukoni.

"Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, pale alipouma. Mvute polepole, moja kwa moja. Usimsokote. Usimchome moto, wala usimpake mafuta ya taa akiwa mwilini. Ukimsumbua hivyo, anaweza kutapika uchafu wake ndani ya mbwa."

"Na kumpasua kwa kucha?" aliuliza Theresia. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha.

"Usimpasue. Damu ile inaweza kukuletea ugonjwa wewe mwenyewe. Mtie ndani ya kopo la mafuta ya taa, afe humo. Osha jeraha. Nawa mikono kwa sabuni."

"Kama sina kibano?"

"Vaa kitambaa vidoleni, umshike vilevile."

Wakaanza kazi. Walitafuta masikioni, kwapani, chini ya mkia, na katikati ya vidole. Marietha alivuta, Antipasi alishika kichwa cha mbwa. Walikuwa bado wamekasirikiana, lakini kazi ilikwenda.

Theresia alifagia mahali alipolala mbwa, akazichoma takataka. Kila jioni Antipasi alimpapasa Sikusemi mwili mzima kabla ya kumpa chakula. Polepole mbwa akapata nguvu. Akaanza kubweka tena usiku, na fisi wakahama njia. Naye mzee Mughwai alisimama mkutanoni, akatangaza kwamba Marietha aseme anachokiona, na akitoe.

Siku ya josho iliyofuata, Marietha alifunua sikio la mbwa wa Paskali. Paskali alikuwa mtu wa kupenda heshima.

"Paskali, mbwa wako ana kupe."

Vijana wakaangua kicheko. Paskali akavimba, akasogea mbele.

"Umemwita nani kupe?"

Antipasi alimkata kauli.

"Kasirika kesho, Paskali. Leo mshike mbwa wako kichwa."